Mwalimu Aliyeziba Mlango

Mwalimu wa fizikia shuleni kwetu ana kitambi cha haja, na wanafunzi wamembandika jina la Ngoma. Analijua, na analifurahia! Mwiko wake ni mmoja tu: wacheke tumbo lake watakavyo, lakini mwanafunzi asichekwe. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, na vicheko vyake vimeshanipandisha mori mara nyingi.

Ila wiki ile nilimwonea huruma. Mwalimu mkuu, mama asiyecheka ovyo, alikuwa amemwonya: "Nikisikia kelele tena, darasa la mtihani nampa mwingine." Na darasa lile ndilo roho ya Ngoma.

Kesho yake kicheko kikapasuka darasani kwake. Nikatoka mbio kumtahadharisha. Lahaula! Ngoma kasimama mlangoni, upande mmoja wa mlango umefungwa, nafasi iliyobaki kaiziba kwa tumbo. Wanafunzi wako nje, wanajipenyeza kuingia mmoja mmoja.

"Nyinyi ni umeme!" anawahimiza. "Mimi ndio ukinzani! Sukumeni!"

"Ukinzani umeshiba leo, mwalimu!"

Nami nikacheka, sijui hata nilianza lini. Mara nikasikia nyuma yangu, "Kuna nini hapa?"

Mwalimu mkuu. Akamnyooshea kidole msichana aliyebanwa pale mlangoni. "Wewe. Umejifunza nini?"

Katika watoto wote, kamchagua huyu, ambaye tangu mwaka uanze hakuna mwalimu aliyewahi kusikia sauti yake darasani!

Msichana akajibu, "Njia ikibana, umeme unapita kidogo. Tukitaka upite mwingi, tusukume zaidi, au..." akamtupia jicho Ngoma, "au mwalimu apunguze kula."

Mama yule alijikaza. Midomo ikamcheza, mabega yakamtikisika, mwishowe akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Sote tukamfuata, isipokuwa Ngoma. Yeye alikuwa anafuta machozi kwa kiganja chenye chaki.

"Umesema," akamwambia msichana. "Mwanangu, umesema!"

"Darasa ni lako, mwalimu," mama akasema, akageuka aondoke.

"Mwalimu," ilikuwa sauti ileile ya msichana, safari hii bila kuulizwa, "na tukisukuma sana, si utapata moto?"

Mwalimu mkuu akasimama, akarudi.

"Mjibu basi," akasema. "Hata mimi nataka kujua."