Kanitembeza mpaka Ujiji, kila mji vyumba viwili

Admin, kama ni mkubwa shikamoo, kama ni mdogo marahaba. Nifichie jina, huku Kahama mimi ndo nabeba habari za watu, yangu yakitoka nitahama mji.

Mi ni mama wa miaka arobaini na nane, shule niliishia la tatu, mtanisamehe maandishi. Nauza mchele sokoni. Mume wangu, Baba Kulwa, maisha yake yote kachimba dhahabu huko Bulyanhulu, nyumbani anakuja kama kusalimia. Na akija analala sebuleni. Wachimbaji wengine huku wana mwiko wao, shimo likiwa linatoa hulali na mwanamke, dhahabu inakimbia. Nikaheshimu. Watoto wamesomeshwa na hilo shimo, ningelalamika kwa nani?

Juzi kati karudi na kigari, anasema, "Mama Kulwa, vaa nikutembeze." Nilitangaza mtaa mzima. Tukapita Tabora kuangalia nyumba za kale za Waarabu, tukashuka mbuga ya Katavi, kiangazi, nyasi zimekauka, vumbi mpaka kwenye meno. Viboko wamejazana kwenye tope moja. Nikamwambia, "Ona wenzetu wanavyolaliana." Akacheka mpaka akasimamisha gari. Tukifika gesti sasa, anamwambia mhudumu, "Vyumba viwili." Mhudumu ananiangalia, mi najichekesha, nasema mzee anakoroma. Naingia chumbani kwangu, mtu wa kuongea kama mimi, naishia kuwasha tivii nibishane nayo.

Tukafika Ujiji. Tunakula migebuka, mwenye hoteli akamuuliza habari za machimbo. Baba Kulwa akajibu, "Nimeshaacha, ndugu yangu. Shimo lilikufa tangu masika."

Nikamrudisha samaki kwenye sahani. Yule bwana alipoondoka nikamuuliza, "Baba Kulwa, shimo limekufa, sasa hivi vyumba viwili ni vya nini?"

Akachambua miiba kwanza. "Sina mwanamke mwingine, Mama Kulwa, uliza popote. Nimezoea kulala peke yangu. Mtu akiwa pembeni sipati usingizi."

"Hata mi mkeo?"

"Hata wewe."

Kasema taratibu, kama mtu anayekwambia mgongo unamuuma. Na nimeulizia kweli. Mwanamke hayupo, angekuwepo mimi ndo ningekuwa wa kwanza kujua.

Sasa karudi nyumbani moja kwa moja. Jana kaja na fundi, wanapima uani, anataka chumba chake chenye mlango wake. Kaniuliza kwa heshima kabisa, "Unaniruhusu?" Nikamwambia ngoja nifikirie.

Hanipigi, hanitukani, nimemsubiri tangu nina kiuno chembamba. Nikimkatalia namnyima usingizi mtu aliyechoka. Nikimkubalia, hicho chumba kikishapauliwa, mi najua hatoki tena mle.

Wenzangu mnaolala na waume zenu, na mliozoea bila wao, fundi anasubiri neno langu. Nimwambie nini?