Siku Shabani Alipoisalimia Tabora

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapovaa viatu. Nilikuwa dereva, kijana mwenye kifua, na tulikuwa porini magharibi ya Urambo pamoja na watafiti waliokuwa wakifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Walitafuta mahali wapagazi walipolala: vigae vya vyungu, shanga, majivu ya mafiga. Mimi nilidhani ni kazi ya watu wasio na kazi, lakini mshahara ulikuja, nikanyamaza.

Simu za mkononi hazikuwapo. Tulikuwa na redio ya upepo, mpya kabisa, na kijana mwenzangu Shabani, mtoto wa Kanyenye pale Tabora mjini, ndiye aliyepewa kazi ya kuijaribu. Kila tulipopiga kambi alifunga waya wa antena kati ya miti miwili, akaunganisha redio na betri ya gari, kisha akaita Tabora asubuhi na jioni ili ijulikane kama sauti bado inafika. Upande wa pili alikaa Mama Zuhura, mtu mzima aliyeshika redio tangu sisi hatujui kufunga vifungo vya shati. Akishamaliza nasi alihamia kwenye masafa ya kambi nyingine, na hakurudi kwetu hadi jioni.

Wakati ule gari letu lilikuwa limelala matopeni siku kadhaa, ekseli imevunjika, tukisubiri nyingine. Watafiti walikuwa wametangulia kwa miguu. Asubuhi nilikwenda kuokota kuni, nikakanyaga kifutu. Wanaomjua nyoka huyo hawahitaji maelezo. Wasiomjua, Mungu awaepushe naye. Nilirudi kambini nikichechemea, nikamwambia Shabani, "Nimeumwa na nyoka. Ita Tabora walete gari." Saa ya jaribio ilikuwa imefika, akawasha.

"Tabora, Tabora, hapa kambi ya magharibi. Shikamoo, mama. Ova." Hiyo ova ndiyo kumwachia mwenzako zamu ya kusema.

"Marahaba, mwanangu. Nakusikia vizuri. Habari za huko? Ova."

"Nzuri tu, mama. Habari za nyumbani? Ova."

Usicheke. Hata wewe ungejibu hivyo. Kwetu mtu anakuja kukuletea msiba, mnaulizana kwanza habari za watoto, za mifugo na za mvua, zote nzuri, ndipo anasema "ila". Shabani alilelewa vizuri. Nilikuwa nimelala chini nimeushika mguu, namsikia akiuliza habari za nyumbani, na sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa naisubiri hiyo "ila".

Haikufika. Redio ile ilikula umeme kidogo ikisikiliza na mwingi ikituma, na betri ilikuwa imekaa muda bila injini kuwashwa. Shabani alipofungua mdomo tena, taa ya redio ikafifia na sauti yake ikaishia hapo hapo. Mama Zuhura sisi tulimsikia, ingawa kwa mbali: "Nyumbani wazima. Jaribio limekubali, redio ni nzuri. Tuongee jioni." Kisha kimya.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nimemsalimia," akasema, na machozi yakamtoka.

Alizungusha hendeli mpaka injini ikawaka na betri ikapata nguvu, akaita mchana kutwa. Hakuna aliyejibu. Mguu ukavimba, ukabadilika rangi, nami nikaanza kumwaza mke niliyemwacha Igunga na mtoto wetu aliyekuwa hajaanza kutambaa. Niliogopa kufa, mwanangu, sitakuficha. Jioni Mama Zuhura aliporudi hewani, Shabani hakumpa hata shikamoo. "Masanja kaumwa na nyoka tangu asubuhi. Leteni gari na dawa. Ova."

Gari lilifika kulipokucha. Akashuka nesi, akaniinamia, akauliza, "Hujambo, kaka?" Nami, mguu umejaa kama mtungi, nikajibu, "Sijambo, dada." Naapa ndivyo nilivyojibu.

Roho ilipona. Nusu ya wayo waliikata hospitali kule Tabora, na kazi ya udereva, niliyoipenda kuliko kitu chochote, ikaishia hapo. Nilimkasirikia Shabani kiasi kwamba alipokuja kunitazama niligeukia ukutani. Mama Zuhura alikuwapo, amekaa pembeni ya kitanda, na ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti:

"Shabani, heshima uliyonipa mimi uliichukua kutoka kwa huyu. Maneno yaliyobaki kwenye betri yalikuwa yake, ukanipa mimi." Kisha akaongeza: "Na mimi niliambiwa nzuri, nikaridhika. Nilipima redio, watu sikuwauliza."

Shabani alilia kama mtoto. Nikakumbuka ile sijambo yangu kwa nesi, nikaona aibu, nikamgeukia na kumpa mkono. Mpaka leo ni ndugu yangu.

Basi sikuambii uache salamu. Wasalimie majirani, wasalimie wazee mpaka wachoke wenyewe. Lakini ukiwa umebeba shida ya mtu asiyeweza kujisemea, anza na hiyo, hata kama unayezungumza naye ni mkubwa wako, hata kama simu yako ina chaji tele. Mkubwa mwenye akili hatakuhesabia shikamoo iliyochelewa. Na siku ukiwa wewe ndiye unayepokea habari, ukiambiwa nzuri, uliza tena, taratibu, mpe mtu nafasi.

Tena kuna hili, na ndilo lililonifanya niongee. Ninyi watoto wetu mnatupigia simu kutoka Dar, kutoka Mwanza, tunawauliza habari, mnasema poa. Halafu tunakuja kusikia kwa watu wengine kwamba mlilazwa, kwamba kazi iliisha, kwamba mlilala na njaa. Mwanangu, kama si poa, lianze hilo. Sisi huku tutaisubiri shikamoo, hatuna haraka nayo.

Mungu akulinde uendako, akupe afya na riziki ya halali, na siku utakayoita, upande wa pili akuwekee mtu ambaye hajaondoka.