Maji ya Tangi

Safari kutoka Kigoma ilichukua siku mbili. Treni iliharibika kabla ya Tabora, tukalala porini, na niliposhuka Shinyanga sikuwa na mpango wa kurudi. Geita nilikuwa nimeshachimba, Runzewe nimeshauza mitumba. Safari hii niliitwa na rafiki yangu, fundi wa kukata vyuma kwa gesi, niliyewahi kuchimba naye duara moja la dhahabu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amenunua vichwa vitatu vya treni vya zamani, vile ambavyo injini ya dizeli huzalisha umeme na umeme ndio unaozungusha magurudumu. Utotoni nilikuwa naacha chakula nikakimbilia kuviona vikipita. Sasa vilisimama kwenye reli ya pembeni, nyasi zimefika milangoni. Sisi tulikuja kuvikata.

Mlinzi alikuwa dereva mstaafu aliyeviendesha miaka mingi. Tulimwamkia.

"Marahaba. Tangi la mafuta msiliguse mpaka mlijaze maji. Mpaka yamwagike mdomoni."

"Mzee, hili limekauka tangu sijaoa," rafiki yangu alisema.

"Na mkeo naye kakauka?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Mvuke wa mafuta unabaki humo. Jazeni."

Kazi ya maji ilikuwa yangu. Kilikuwa kiangazi, na lambo lilikuwa mbali. Nilisomba kwa mkokoteni wa punda, maji ya tope, siku mbili. Jioni ya pili nilichungulia: hayajafika nusu. Punda alikuwa amegoma, viganja vyangu vimechubuka.

"Limejaa?" rafiki yangu aliuliza.

"Limejaa."

Asubuhi aliwasha gesi. Mlipuko sikuusikia, nilimwona punda akianguka, kisha nikamwona yeye.

Hospitali aliishi siku tisa. Mkewe alimpepea kwa kipande cha boksi.

"Si ulijaza mwenyewe?" rafiki yangu aliniuliza kila nilipokwenda.

"Nilijaza."

"Sasa moto ulitoka wapi?"

"Shemeji, mwambie alale," mkewe alisema. Nikamwambia alale.

Baada ya mazishi nilifuata begi langu kwenye reli. Tangi lilikuwa limepasuka wazi, na ndani tope la lambo lilikuwa limeacha mstari, chini ya nusu. Yule mzee alikuwa ameweka kiganja kwenye mstari huo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Nikachukua begi, nikapanda basi la Kahama.