Kalenda ya Wamaya na Shamba la Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Kitale, Fundi Mkuu alinipa kisu na rundo la karatasi. Hakuniuliza cheti, na ni vizuri, maana sikuwa nacho; niliachia darasa la sita. "Kata," alisema. Nikakata. Jioni akapima kwa rula, akanyamaza. Kwa Fundi Mkuu, kunyamaza ndiyo sifa.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kalenda za ukutani, za makanisa na maduka ya pembejeo. Nyinyi watu wa simu hamjui kalenda. Mkulima wa Tongaren aliandika juu yake siku ng'ombe alipopandwa, siku ya mbolea ya kukuzia, siku ya matanga. Kwa hiyo prufu, yaani karatasi ya majaribio kabla ya kuchapa nyingi, tuliisoma tarehe kwa tarehe. "Ukimkosesha mtu Jumatatu," Fundi Mkuu alikuwa akisema, "umemwibia siku."

Baadaye nilitumwa kusimamia tawi la Bungoma. Huko niliitengeneza mashine ya Kijerumani iliyowashinda wenye diploma. Nikarudi Kitale na mashine yangu mwenyewe. Sijisifu, bana, ni ukweli. Lakini aliyenifanya mtu ni yule mzee, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kulima mahindi Ndalu.

Muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili ukielekea kuisha, uvumi ukaingia. Ati Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati waliosoma nyota, walikuwa na kalenda inayokwisha Desemba 2012, na dunia itaisha nayo. Nilicheka, mpaka mke wa Fundi Mkuu aliponipigia simu.

"Mzee wako anauza shamba. Ekari zote tano! Mnunuzi anakuja kesho kuandikiana. Njoo uongee naye, mimi hanisikii."

Kabla ya kwenda nilimtafuta mteja wangu mmoja, mwalimu wa historia, nikamtoa jasho kwa maswali. Asubuhi nikawa Ndalu.

"Mtu wa kalenda hakosei ukurasa wa mwisho," Fundi Mkuu aliniambia hata kabla sijakaa. "Hao watu walipima nyota ya asubuhi, wakajua itapotea lini na itarudi lini. Leo ndiyo wakosee? Wacha niuze, Mama ale vizuri hii miaka imebaki."

"Nyota waliipima, Mzee, hiyo ni kweli. Lakini mwisho wa dunia umeongezwa na watu wa juzi. Hesabu yao ilizunguka. Si wewe ulinifundisha nambaringi?" Hicho ni kidude cha chuma kinachogonga namba za risiti, moja baada ya nyingine. "Ikifika tisa tupu, inafanya nini?"

"Inarudi sifuri."

"Na duka la mteja linafungwa siku hiyo?"

Akaniangalia vile alivyokuwa akiangalia prufu.

"Walikuwa wanakula nini, hao?"

"Mahindi. Walipanda kama wewe."

"Mahindi?" Akasimama. "Si ungeanza na hiyo, kijana! Mtu wa mahindi hata akivuna anaweka mbegu. Mama! Huyo mgeni akija, mpe chai tu."

Mnunuzi akaja, akanywa chai, akarudi na karatasi zake.

Siku hizi mimi pia nimestaafu. Simu zilimeza kalenda, nikauza mashine mapema kwa akili yangu. Wako wanaosema Wamaya walijua kila siri ya mbinguni. Mimi, niliyeishi kwa tarehe, nasema walikuwa mafundi wenye subira, na hiyo inatosha kuwavulia kofia.

Desemba yenyewe ya 2012 ilipofika nilienda Ndalu. Tulikaa na Fundi Mkuu mbele ya ghala, tukipukuchua mahindi.

"Mzee, leo ndiyo dunia inaisha," nikamchokoza.

Hakuinua macho. "Basi pukuchua haraka. Machi ya kupanda haiko mbali."