Ndege ya Mlinzi wa Lango la Maji

"Pakde, ukiiachia hiyo rimoti, ndege itaanguka?"

Nilikuwa na miaka kumi nilipomuuliza Pakde Gunarto swali hilo. Alikuwa amesimama juu ya tuta la mto, uso kaunyanyulia mawinguni, vidole gumba vimekandamiza vijiti vya rimoti mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Alisema tu, bila kushusha macho, "Nduk, kamwambie mama yako kahawa yangu ya leo aongeze sukari."

Nikaenda. Nduk ndivyo wasichana wa huku kwetu Java tunavyoitwa na watu wazima wanaotupenda, au wanaotaka tuwapishe. Siku ile nilijua naitwa kwa sababu ipi.

Tunamwita Pakde, yaani baba mkubwa, ingawa hatuna undugu naye. Alikuwa mlinzi wa lango la maji la Kedungsari, na mama yangu ana kibanda cha kahawa na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, chini ya tuta hilo hilo. Kila saa ilipotimia, Pakde alikwenda kwenye nguzo ya kipimo, akasoma maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari, akatangaza kwenye redio koli iliyoning'inia kiunoni mwake. Maji ya mlimani yakija, alitakiwa kufungua malango matano ya chuma, moja baada ya jingine, kwa mkono, kwa sababu mashine ya kuyavuta ilikufa zamani.

Walikuwa wawili wakipokezana. Mwenzake alistaafu, na wa kuziba nafasi yake alisemekana yuko njiani tangu mimi sijaanza shule. Nilimuuliza Pakde njia hiyo ina urefu gani.

"Sijui. Labda anakuja kwa miguu."

Kutoka kwenye nguzo hadi benchi la kibanda chetu ni hatua sitini na nne. Alizihesabu yeye, na mimi nikazihesabu upya kwa miguu yangu, zikawa tisini na moja. Zaidi ya benchi hakwenda, kwa sababu kuanzia hapo redio ilikuwa inakwaruza tu. Sikukuu ya Idi, watu wote wakisafiri kwao, yeye alikula wali wake wa kufungwa kwenye majani akiwa amesimama kando ya kipimo. Binti yake yuko Surabaya na ana watoto wawili. Yule mkubwa aliwahi kuuliza kama babu analala ndani ya simu.

Na simu hiyo haikunyamaza. Watu wa bondeni walimwandikia kutwa nzima. "Pakde, nianike nguo?" "Pakde, Jumamosi namwoza binti yangu, maji vipi?" Aliwajibu wote. Mwenye arusi alimjibu mara tatu.

Sijui ndege ilimwingiaje kichwani. Nilipomuuliza, alisema aliona kwenye simu mtu amesimama shambani, hajasogea hata hatua moja, na kitu chake kimekwenda kule na kurudi. "Betri yake inadumu dakika nane," akaniambia. "Dakika nane ninazo."

Kwa kuwa hakuweza kwenda mjini kuchagua, alichagua kwa picha. Muuzaji aliitwa Koh Liang, mwenye duka la ndege za rimoti, mtu ambaye Pakde hajawahi kukutana naye hadi leo. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, akimwita Pak, yaani bwana, nasi sote kibandani tukasikia.

"Pak, nakuomba kwa heshima zote, hiyo ya kivita usiichukue. Utaifaidi sekunde nne."

"Koh, mimi nazungusha vyuma mwaka wa ishirini huu," Pakde akamjibu. "Mikono yangu haitetemeki."

Akachukua ya kivita. Ilikuwa ya kijivu, mabawa mafupi, imechorwa meno ya papa puani. Niliihesabia mwenyewe. Sekunde tatu. Iliondoka mkononi, ikalala ubavu, ikajipigiza chini ya tuta, na meno ya papa yakabaki kwenye kichaka peke yake.

"Rubani!" akapaza sauti Kang Panut, dereva wa bodaboda anayeshinda kwenye benchi letu. "Abiria wametoka salama?"

Koh Liang aliomba picha ya mabaki. Akatuma ujumbe wa sauti wenye kicheko kitupu, kisha wa pili: "Haya Pak, sasa tuanze darasa. Chukua ile mbaya."

Ile mbaya ilikuwa nyeupe, nene, ya lile povu gumu wanalofungia friji mpya. Bawa lake lilikaa juu ya mgongo wala halikupita katikati ya mwili, na mkia ulikuwa kama kibao cha kukatia vitunguu. "Hii ni ya mwanafunzi," Koh Liang akaeleza. "Bawa liko juu, mwili unaning'inia chini yake kama mtoto kwenye bembea. Ikiyumba inajirudisha. Haina haraka. Ukikosea, inakupa muda wa kujuta." Mimi nikaiita Bata.

Bata aliruka kweli, lakini kama aliyelewa. Pakde hakumpa nafasi ya kupumua. Akielekea kulia kidogo, Pakde alimvuta kushoto. Hajamaliza kugeuka, akamvuta kulia. Nikapiga video, tukamtumia Koh Liang.

"Pak, ndege haina shida, shida ni vidole. Achia! Inajua kuruka kuliko wewe."

"Nikiachia itaanguka."

"Umeshajaribu?"

Pakde akazima simu.

Basi badala ya kurekebisha vidole, akarekebisha ndege. Ilimchukua msimu mzima wa mvua, kati ya saa na saa, juu ya meza ile ile yenye daftari la maji. Mimi nilikuwa mshika gundi. Kwanza aliondoa magurudumu, kwa sababu nyasi za tutani ziliyakamata na kumpigisha Bata pua. Tumboni akambandika selotepu pana ili ateleze. Halafu akaing'oa mota puani na kuipandisha juu, nyuma ya bawa, ili pangaboi lisiwe la kwanza kugusa ardhi.

Hapo uzito ukahamia nyuma. Alimnyanyua Bata kwa ncha za vidole viwili, chini ya bawa, na mkia ukashuka taratibu kama mtu anayesinzia msikitini. Akasukuma betri mbele kabisa. Mkia ukashuka tena. Mwishowe akabandika sarafu mbili za rupia mia tano ndani ya pua, na Bata akakaa sawa juu ya vidole vyake.

"Sasa amebeba na nauli," mama akasema.

Mama hakucheka siku iliyofuata, alipokuta vijiti vyake vya mishikaki vimepungua. Pakde alikuwa amekata ncha za bawa, akaziinua juu kama mikono ya mtu anayeomba dua, na vijiti vya mishikaki ndivyo vilivyozishikilia. Mwisho kabisa aliukunja usukani wa mkia kidogo, unene wa ukucha, kuelekea kushoto.

"Kwa nini kushoto?"

"Kulia ni ng'ambo, Nduk. Siwezi kuifuata huko. Kushoto inarudi juu ya nyasi hizi hizi." Akapuliza vumbi la povu mezani. "Nataka siku moja niiweke rimoti chini. Nikunje mikono, nitazame mzunguko mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Mmoja tu. Nione kama hapa kuna kitu kinachoweza kwenda bila mimi kukishika."

Kwa hiyo nilijua. Sarafu, vijiti, ule mkunjo wa mkia, vyote vilikuwa kwa ajili ya kuachia. Lakini kila alipopaa, vidole vilikuwa pale pale. Kesho, alisema. Upepo ukipungua. Betri ikiwa mpya. Ndipo siku moja nikamuuliza lile swali langu, naye akanituma sukari.

Wiki mbili baadaye, mwezi wa Januari, kwetu jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa bonde zima. Pakde alisoma kipimo cha saa tisa alasiri, akaandika, akatangaza, akamrusha Bata. Nilikuwa nimekaa karibu naye nakula ndizi ya kukaanga. Bata alikuwa juu ya malango, mweupe, akinguruma kidogo, nami nikafikiri labda leo.

Redio ikakwaruza ghafla kiunoni mwake. Ilikuwa sauti ya Pak Dirgo, mlinzi wa lango la juu, na sijawahi kumsikia akiongea haraka vile. "Kedungsari! Kedungsari! Maji ya mlimani, mekundu, yana magogo! Fungua yote! Yote, sasa hivi!"

Pakde aliachia. Rimoti ilianguka kwenye nyasi chali, naye akawa ameshakimbia, kandambili moja ikabaki nyuma. Hakutazama juu hata mara moja. Nilimwona akipanda ngazi za lango la kwanza, akashika ule mkono wa chuma, akainama, akaanza kuzungusha. Kila lango ni mizunguko hamsini na zaidi.

Mimi nikabaki na Bata.

Sikuigusa rimoti, na sikujua kuitumia. Kile kijiti cha mota hakirudi chenyewe, kwa hiyo pangaboi liliendelea. Bata akajiinua kidogo, akayumba, nikafumba jicho moja. Halafu akatulia. Alitulia kuliko siku zote nilizomwona. Akageuka kushoto taratibu, akapita juu ya mto, juu ya mabati ya ng'ambo, juu ya malango ambako Pakde alikuwa amekunja mgongo, akarudi juu ya nyasi, juu ya kichwa changu. Na tena. Nikaanza kuhesabu. Kule malangoni chuma kililia, lango la pili, la tatu. Mto ukabadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa.

"Kinasih!" mama akapiga yowe kutoka kibandani. "Panda juu, we mtoto! Umeganda nini?"

Nikachukua rimoti, nikapanda ngazi za nyumba ya mlinzi huku nimegeuza shingo. Alizunguka mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano mota ikanyamaza, betri imekwisha, lakini hakuanguka. Alishuka kwa duara lile lile, kimya, mpaka kwenye zile nyasi tulipokuwa tumesimama, na maji nayo yalikuwa yamefika hapo wakati huo huo. Akakaa juu ya maji kwa tumbo lake la selotepu, kama bata hasa. Mto ukamvuta katikati. Pakde alikuwa amemaliza lango la nne, ameshika la tano, kichwa chini, mabega yanapanda na kushuka. Bata akapita chini ya miguu yake, kwenye lango alilotoka kulifungua, akatokea upande wa pili na sarafu zake mbili, akaenda.

Mwaka ule maji yaliingia jikoni kwa watu, yakaishia vifundoni. Miaka ya nyuma yaliwahi kufika dirishani. Lakini mtu fulani bondeni aliwaambia wakubwa wa ofisi kwamba mlinzi alikuwa anachezea midoli, na barua ikaja. Pakde akaikunja, akaiweka chini ya daftari la maji. Kandambili yake ilipatikana kwenye mti. Hakununua ndege nyingine, na Koh Liang alipomwandikia hakumjibu.

"Ukitaja ndege mbele ya Pakde," mama akaniambia, "nitakuchapa ndala mpaka usahau jina lako."

Kwa hiyo mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza kwa miaka sita. Na nilidhani hakuna haja. Kule juu ya malango mtu anaona mto wote. Nilidhani aliona.

Mwaka huu wameweka kipimo kinachojisoma chenyewe. Malango yanafunguka kwa kitufe. Wamekuja vijana wawili wenye sare, na Jumatatu iliyopita Pakde aliwakabidhi funguo. Tiketi ya basi la Surabaya iko kwenye mfuko wa shati lake, nimeiona. Ni ya pili. Ya kwanza ilipita Jumamosi akiwa amekaa hapa hapa kwenye benchi letu, ameelekea nguzo.

"Pakde, nikupeleke stendi?" Kang Panut alimwambia jana. "Bure, kwa heshima ya urubani."

"Kesho," Pakde akasema.

Saa inapotimia bado ananyanyuka nusu, halafu anakumbuka, anakaa. Kiunoni hana redio tena, lakini mkono unakwenda pale. Zaidi ya benchi hajafika bado. Nilihesabu jana kutoka kwenye nguzo, na kwa mguu wangu wa sasa ni hatua sitini na nane.

Leo mama alipokwenda kuosha vikombe, nilimletea rimoti. Nilikuwa nimeificha kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda changu muda wote huo. Aliipokea kwa mikono miwili. Vidole gumba vikaenda vyenyewe kwenye vijiti, vikakandamiza, kucha zikawa nyeupe.

"Pakde," nikasema, "ukiiachia hiyo rimoti, ndege itaanguka?"

Alitazama malango, lile la nne kwa muda mrefu kuliko mengine. Sikusikia habari ya sukari.

"Sijui, Nduk," akasema. "Nilikuwa nimeipa mgongo. Wewe ndiye uliyebaki unatazama. Niambie wewe, ilianguka?"