Kamba Iliyobaki kwenye Simu ya Baba

Siku baba yangu alipompeleka mwenye duka la simu mahakamani, nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, nikajifunika khanga hadi shingoni kana kwamba nasikia baridi. Baridi ilikuwepo kweli, maana Mbulu haikosi baridi, lakini mimi nilikuwa najificha. Mwalimu mzima wa sekondari, halafu baba yake anasimama mbele ya hakimu kulalamika kwamba simu aliyouziwa haifunguki. Karani alikuwa amemwuliza mara kadhaa anadai kiasi gani, naye kila mara alijibu kwamba hadai fedha. Alitaka betri itoke.

Ili jambo hili lieleweke lazima nianze na ng'ombe. Kwetu kila jambo lililonyooka huanza na ng'ombe, na yaliyopinda vilevile.

Katika kijiji chetu, juu kidogo ya Dongobesh, mtu akimuuzia mwenzake ng'ombe kwa kuaminiana, hamfungui kamba siku ileile. Mnyama anakwenda kwa mwenyeji mpya na kamba ya muuzaji ikiwa bado shingoni. Wanakubaliana muda: mpaka mvua zianze, au mpaka azae. Akiugua kabla ya hapo, kamba ni ya muuzaji na ugonjwa ni wake. Muda ukipita salama, muuzaji anakuja mwenyewe, anakaribishwa uji au kitu kikali zaidi, anafungua kamba yake na kurudi nayo nyumbani. Tangu hapo ng'ombe ni wako. Unaweza kumchinja, kumpa jina jingine, au kumtoa mahari ya mwanao. Kabla kamba haijafunguliwa una maziwa na mbolea tu.

Baba alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, kwa miaka mingi, na kitochi hicho kilikuwa na betri mbili. Moja ilikaa kwenye simu, nyingine ilikuwa safarini. Sola yetu ni ya taa mbili, na ukungu ukikaa wiki nzima hata hizo taa zinawaka kwa kusitasita. Basi yeyote aliyekuwa anashuka Dongobesh alifungiwa betri kwenye pembe ya kitambaa, akaiacha kwenye kibanda cha kuchaji, akarudi na iliyojaa. Kijiji kizima kiliishi hivyo. Betri zilitembea, simu zilibaki nyumbani. Ungeweza kupiga saa yoyote ukampata mtu wako.

Halafu mimi nikapangiwa kazi Katesh, nikapanga chumba Jorodom, chini ya mlima Hanang. Mama alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mtoto pekee. Baba akasema sauti haimtoshi, anataka kuniona uso. Akauza ndama dume, akaenda kununua simu ya kupangusa. Mimi nilifurahi, na sitasema sikufurahi. Jioni ya kwanza aliniona, akaniambia nimekonda, akanionyesha zizi, mbuzi, sufuria ya makande, na kwa muda mrefu zaidi paji la uso wake, kwa sababu hakujua kushika ile simu.

Dukani alikuwa ameuliza betri inatokea wapi. Muuza duka, kijana wa hukohuko kwetu ambaye baba yake pia anafuga, alimjibu kwa adabu.

"Hii haitoki, mzee wangu. Ya ndani kwa ndani. Ina waranti ya mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo ikiharibika niletee, ni juu yangu. Lakini ukiifungua mwenyewe, waranti imekufa."

Mtu mwingine angesikia habari za simu. Baba alisikia habari za kamba. Aliona kila kitu kimekaa mahali pake: muda umetajwa, ugonjwa ni wa muuzaji, na mnunuzi haruhusiwi kugusa fundo. Alirudi nyumbani ameridhika, akiwaambia majirani kwamba vijana wa siku hizi bado wana mila. Akasubiri mwaka upite.

Ulipopita, alivaa koti lake la kanisani akateremka dukani. Alimwambia yule kijana, "Nimekuja ufungue kamba." Kijana hakuelewa. Baba akamweleza. Kijana akacheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu anavyocheka jambo zuri lisilowezekana.

"Mzee wangu, hii haifunguliwi. Hata mwaka ukiisha. Wameigundisha kiwandani."

"Sasa ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

Baba aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kuwa hajawahi kununua kitu, amepewa tu kumfugia mwingine. Mimi nilimjibu kwa papara ya walimu. Nilimwambia dunia imebadilika, simu si ng'ombe, na aache kusumbua watu.

Betri ikaanza kuchoka. Asubuhi imejaa, mchana imekata roho. Na kwa kuwa haikutoka, simu yenyewe ndiyo ikawa inasafiri kila mara. Ilikuwa ikifungwa kwenye kitambaa kilekile na kwenda kulala kibandani Dongobesh, imezimwa ili ijae upesi, huku baba amebaki nyumbani bila sikio. Jumamosi moja aliipeleka. Mwenye kibanda alipofunga jioni aliifungia ndani pamoja na simu za wenzake, na Jumapili yeye hafungui, ni mtu wa kanisa.

Jumapili hiyo alfajiri mlima Hanang ulishuka.

Sitasimulia yote. Wapo waliopoteza watu wao ndani ya tope lile, na ni wao wenye haki ya kusimulia. Mimi niliamshwa na mngurumo, jirani akanivuta mkono, tukapanda upande wa juu tukiwa na nguo za kulalia. Nilipogeuka, njia niliyokuwa nikipita kwenda kazini ilikuwa mawe na magogo. Simu yangu ilibaki chumbani, na chumba sikukiona tena. Mchana muuguzi mmoja aliniazima simu yake. Namba niliyoishika kichwani ilikuwa moja tu, ya baba. Nikapiga. Yule dada wa kwenye mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena mpaka nikaona aibu kwa muuguzi wa watu. Nililia kwa hasira. Nilikuwa hai na sikuwa na wa kumwambia.

Baba alisikia habari alipotoka ibadani, kwenye redio ya jirani. Walitaja Katesh, kisha wakataja Jorodom. Alikimbia, mtu wa umri wake, mpaka Dongobesh. Akakuta kufuli. Mwenye kibanda alikuwa amealikwa ubatizo kijiji cha mbali. Watu wakampa simu zao apige, lakini namba yangu hakuijua, alizoea kugusa picha yangu tu. Simu ilikuwa hapo nyuma ya mbao, imejaa pomoni. Alisimama akiitazama ile kufuli, akapiga ngumi mlango mara moja, kisha akaenda dukani kununua kitambaa cheupe. Akaazima sepetu. Akapanda gari la kushuka Bashneti hadi Dareda, na kutoka hapo akaomba lifti kwenye lori.

Alinifikia kesho yake. Nilikuwa kwenye foleni ya uji katika shule tuliyohifadhiwa, nimevaa sweta la mtu. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, amesimama getini na sepetu begani na kifurushi cha karatasi kwapani, akiwauliza vijana waliweka wapi miili. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Alinitazama kuanzia miguuni.

"Rudia," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Rudia."

Nilirudia mpaka alipoweza kusema marahaba. Kile kifurushi hatukukizungumzia. Kabla hatujaondoka alikipeleka kwa watu waliokuwa wakizika, na wao walikihitaji.

Miezi ilipita, nikapanga chumba kingine upande mwingine wa mji, ndipo nikasikia ameshitaki. Nikapanda kwenda kumzuia. Sikufanikiwa, nikaishia kwenye benchi la mwisho.

Hakimu alikuwa mama kijana kutoka Tanga, mwenye Kiswahili cha kuteleza, na alimsikiliza baba kwa uvumilivu niliokuwa sina. Mdaiwa alijitetea vizuri. Alisema hakuficha kitu, alisema betri haitoki kabla hajapokea hata shilingi. Alisema si yeye anayetengeneza. Kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, mgongo umevimba, ameifunga kwa mpira wa kufungia noti. "Na mimi yangu haifunguki, mheshimiwa. Nimshitaki nani?" Watu wakacheka. Nikaona karani akiigeuza simu yake mezani, akaitazama mgongo. Na mimi niliishika yangu.

Hakimu akamweleza baba kwamba malalamiko ya namna hiyo yangemhusu mtengenezaji, na kwamba zipo ofisi za kumlinda mnunuzi katika miji mikubwa. Baba akasema mtengenezaji hamjui. "Huyu ndiye aliyenipa mkono."

"Sawa, mzee. Lakini sheria inaniuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe. Umepata hasara gani?"

Baba aligeuka. Akanyoosha kidole mpaka benchi la mwisho.

"Huyo."

Watu wote wakanitazama na khanga yangu.

"Huyo ni nani?"

"Binti yangu. Alikuwa Jorodom."

Hakimu aliuliza kwa sauti ya chini, "Lakini yupo hai, mzee. Ninamwona."

"Yupo, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilimzika, mheshimiwa. Dongobesh nilimkatia sanda. Bashneti nilimchimbia. Kwenye lori nilikuwa nimeshamaliza, nilikuwa nafikiria nitakavyorudi nyumbani peke yangu. Na yeye muda wote huo alikuwa ananipigia."

Nilifunua khanga. Sikuwa najua. Tangu siku ile ya foleni ya uji hakuwahi kuniambia hata neno moja la njia ile, na mimi nikadhani anagombania kipande cha plastiki. Nilimwonea baba yangu haya miezi yote, na sasa nilijionea haya mwenyewe.

Hakimu aliahirisha kidogo, akarudi, akasoma uamuzi. Madai hayakuthibitika. Mdaiwa hakuvunja makubaliano, na hasara iliyoelezwa, ingawa mahakama inaisikia, haina njia ya kupimwa. Aliusoma taratibu na nina hakika alitamani uwe vingine. Nimesoma baadaye kwamba huko mbali wanunuzi huwashitaki watengenezaji kwa jambo hilihili, wakiwa na mawakili na wataalamu wa kupima betri. Sijui kama kuna mahali popote wanapopima safari ya Dongobesh mpaka Katesh.

Nje, baba hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Alisema hakimu amesema kweli, ila yeye hakubaliani nayo. Yule kijana wa duka alikuja nyuma yetu, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi ile kamba nimeielewa leo. Twende dukani."

Tukaenda. Akatoa kitochi kipya na betri mbili. Mbele ya baba akachomeka ukucha, akafungua mfuniko, akatoa betri na kuiweka katikati ya kiganja chake. "Nimefungua," akasema. Baba aliishika betri ile, akaipima uzito, akairudisha mahali pake mwenyewe. Kisha akatoa ile simu ya kupangusa mfukoni akamwachia.

Nilimwuliza, njiani, kama hatajuta. Sasa hataniona tena uso jioni.

"Uso nilishauona," akasema. "Getini, Katesh. Umenitosha."

Hivi sasa betri zinasafiri tena. Iliyojaa inaporudi kutoka Dongobesh, baba huwa na dakika moja ya kubadilisha, na kwa dakika hiyo simu yake inabidi ife. Haibadilishi kimyakimya. Hunipigia kwanza, hata nikiwa darasani, na wanafunzi wangu wameshazoea kuniona nikitoka kwenda barazani na chaki mkononi.

"Nabadili betri," anasema. "Usiende mahali."

Kisha anakata. Nami nasimama palepale, siendi mahali, mpaka apige tena nimwamkie.