Nilivyojifunza Kuficha Mpira Mweupe

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa fimbo. Nilipewa brashi, kitambaa cha pamba na kopo la jetoni, nikaambiwa nisimame kati ya kaunta na meza, nisiondoke hapo mpaka niitwe. Ilikuwa baa ya Mama Odette, pale mtaani Bwiza, nami nilikuwa msichana wa miguu mirefu na maneno mengi, niliyechoka kufua nguo za watu. Jetoni ni kisarafu cha chuma kisichonunua kitu popote duniani isipokuwa mchezo mmoja wa biyari. Unakitumbukiza kwenye tundu, unasukuma kishikio, na mipira inaporomoka tumboni mwa meza kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kilichoniteka, kabla hata sijajua mpira upi unapigwa kwanza.

Nyinyi vijana mnaobeba fimbo zenu wenyewe kwenye mifuko ya zipu, nisameheni nikisema biyari. Kule Kigoma wanauita pool, na nyinyi siku hizi mmeiga. Sisi tulisema biyari na tulielewana vizuri tu.

Mama Odette tulimwita Patrone. Alikuwa mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi, na aliiendesha baa nzima akiwa juu ya kigoda kimoja. Asubuhi ile alinipa sheria ya nyumba yake.

"We Goreti, sikia. Apa kwangu mutu akishinda, anabakia ku meza. Akishindwa, anaweka fimbo chini, anakaa. Ata kama ni mubunge."

"Na Patrone akishindwa?"

"Mi sishindwake."

Kweli hakushindwa, kwa sababu hakucheza.

Kazi yangu ilianza kabla ya wateja. Kitambaa cha kijani kinapigwa brashi kwa kufuata upande mmoja tu, kwa kuwa nyuzi zake zinalala, na ukizipiga kinyume mpira unakwenda kama umelewa. Nikimaliza brashi, Patrone aliniacha nicheze peke yangu mpaka mteja wa kwanza aingie. Hapo ndipo nilipojifunza, bila mwalimu, kwa kukosa na kurudia.

Meza ile ilikuwa na ulemavu wake. Mguu mmoja, ule wa karibu na mlango, ulikuwa umezama sakafuni, na mpira uliopigwa polepole ulijipinda kuelekea kona hiyo. Mafundi walikuja wakataka kuweka kipande cha mbao chini ya mguu. Patrone aliwafukuza. Alisema meza ina tabia yake na watu wake wameshaizoea. Sisi tuliokulia pale tulikuwa na dawa mbili: ama unalenga pembeni kidogo ili meza yenyewe ikurudishie mpira, ama unapiga kwa nguvu zote usiupe mpira nafasi ya kujipinda. Mimi nilipenda dawa ya pili. Baada ya muda nilikuwa nawaweka chini wanaume wa Bwiza mmoja baada ya mwingine kila Jumamosi mchana, na walikuwa wananiita Tonnerre, yaani radi. Madereva, wauza vitenge, makarani wa serikali, wote walipanda juu ya viti kuona mpira ukigonga ndani ya shimo. Nilipendwa, na nilijua kwamba napendwa. Sijapata tena utamu wa namna hiyo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikusamehewa Bwiza, nalo ni kuficha. Kuficha ni hivi: badala ya kujaribu kuingiza mpira wa rangi yako, unauacha mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, mahali ambapo mpinzani hana njia ya kuufikia wa kwake. Asipougusa wake kwanza ni foti, yaani kosa, nawe unapewa mapigo mawili. Katika mashindano ni ufundi wa kawaida. Kwetu ulikuwa woga mtupu. Siku moja karani mmoja alificha, na Patrone akateremka kwenye kigoda chake akamnyang'anya fimbo.

"Watu bamekuja kuona mipira inaingia. Ukitaka kuficha kitu, ficha feza yako ku nyumba, bibi asiione."

Watu walicheka mpaka karani mwenyewe akacheka. Nilicheka kuwashinda wote.

Kisha akaja Shefu. Alikuwa mkuu wa klabu ya wafanyakazi wa bandari, mzee mkavu mwenye miwani, aliyetumia ujana wake kutoa mizigo forodhani. Alikaa mchana mzima na soda moja akinitazama nikiwafagia wapinzani mezani, halafu akanikaribia.

"Madamu, unapiga muzuri. Kucheza, bado."

"Shefu, nimeshinda batu bote ba apa."

"Ile meza njo inabashinda. We inakujua. Njoo kwetu, uone."

Nilikwenda kwa hasira, nikiwa na nia ya kumfunga mdomo. Meza ya klabu ilikuwa imenyooka sawasawa, na juu yake nilikosa kila kitu. Mpira uliokuwa mbele ya shimo, ambao mtoto angeuingiza, ulipita kando. Nikabadilisha fimbo, nikalaumu chaki, nikalaumu taa. Shefu alingoja mpaka nilipoishiwa vitu vya kulaumu.

"Mukono yako inatibu meza," akasema. "Apa meza aiko mugonjwa."

Nilielewa palepale, na niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Miaka yangu yote ya Bwiza ilikuwa imejificha kwenye kifundo cha mkono, na kila pigo langu lilikuwa linarekebisha mteremko ambao haukuwepo.

Shefu alinieleza shida yake. Mtunza ukumbi wake alikuwa anaacha kazi, naye alitaka mtunza ukumbi ambaye pia anaweza kuichezea timu, ile iliyokuwa ikienda kushindana Uvira na Kigoma. Kama kabla ya msimu mpya ningemshinda Juma, mchezaji wa mwisho katika timu, ningepewa nafasi yake na funguo za ukumbi. Nikishindwa, angetafuta mtu mwingine. Lakini ilinibidi nifanye mazoezi kila siku, na baa isingeweza kunipa nafasi hiyo. Nikaenda kumwambia Patrone.

Hakupandisha sauti. Alihesabu chupa zilizokuwa mbele yake, kisha akasema, "Enda, Goreti. Lakini bakikuangusha uko, usirudi kunililia apa." Mchana uleule aliajiri msichana mwingine wa jetoni. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama kwenye ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea: nikishindwa na Juma sina kazi ya bandarini, na ya Bwiza nimekwisha kuipoteza.

Nikaanza upya, kama mtu anayejifunza kutembea. Niliosha vikombe katika kantini ya klabu ili nipate chakula, na muda uliobaki wote ulikuwa wa meza. Shefu alilaza chupa tupu ya Fanta juu ya kitambaa, akaniambia niingize ncha ya fimbo kwenye mdomo wa chupa na kuitoa bila kugusa kioo. Mwanzoni chupa ililia kila mara, na makuli waliokuja kunywa chai walifurahia muziki huo kwa gharama yangu. Kichwa chini, kidevu karibu na fimbo, mkono wa nyuma ukining'inia wima kutoka kwenye kiwiko. Chupa iliponyamaza, akanifundisha kuusimamisha mweupe papo hapo unapogonga, kisha kuurudisha nyuma kwa kuupiga chini, kisha kuusukuma mbele kwa kuupiga juu. Mchezaji wa baa anatazama mpira anaouingiza. Mchezaji wa mashindano ameshauona tayari huo unaofuata na ule wa baada yake, na mweupe anaupeleka kuingoja.

Mkono ulinyooka. Kilichokataa kunyooka ni moyo. Shefu alipofika kwenye somo la kuficha, nikaweka fimbo chini.

"Shefu, iyo mi siwezi. Batu batasema ninaogopa."

"Batu gani?"

"Ba Bwiza."

Alivua miwani akaifuta kwa shati lake. "Bwiza iko wapi ku meza? Mi ninaona mipira tu."

Nilijifunza, lakini kwa shingo upande. Nilijiambia kwamba nitaficha Kigoma, ambako hakuna anayenijua.

Siku ya kucheza na Juma ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Juma alikuwa mwendesha winchi, mtu mpole wa mtaa wa Buyenzi, mwenye kofia nyeupe na mkono usiotetemeka. Tulikubaliana kwamba wa kwanza kufikisha michezo mitano ndiye mshindi. Sikuwa nimemwambia mtu Bwiza, lakini habari ilifika, na wakaja kwa minibasi mbili, wakajaza mabenchi ya ukumbi. Patrone mwenyewe alikuja. Alikuwa amevaa imvutano, lile vazi letu la kufunga begani ambalo mama wa heshima hulivaa harusini. Hakunisalimu. Aliketi mbele kabisa, mikono juu ya magoti, na nilipomwona nilitaka kulia kwa furaha.

Nikamchezea yeye. Nilipiga kama radi, mipira ikaingia kwa mlio, na mabenchi yakanguruma. Nilishinda michezo miwili. Ila kila nilipokosa, meza ilibaki wazi, na Juma aliokota mipira kwa utulivu kama mtu anayechuma maharage. Nilipoinua macho alikuwa na minne. Mmoja tu ulikuwa umebaki kati yake na ushindi. Shefu alikuwa amekaa kando na soda yake na hakunipa ishara yoyote.

Katika mchezo uliofuata Juma alikosa, nami sikuwa na pigo zuri. Nikauficha mweupe.

Juma akajaribu kuzungusha kwenye ukingo, akakosa, foti. Nikapata mapigo mawili nikaumaliza mchezo. Uliofuata nilificha mara mbili. Mluzi wa kwanza ulitoka nyuma. Mtu akasema kwa sauti, "Piga, Goreti. Tumekuja kuona kupiga." Tukawa sare, minne kwa minne, na sasa walianza kuinuka. Hawakutukana, na hilo liliniuma zaidi. Nilimsikia dereva mmoja aliyenishangilia miaka mingi akimwambia mwenzake, "Tuende, sha. Uyu si wetu tena."

Mchezo wa mwisho ulifika mahali ambapo mimi nilikuwa nimebakiwa na mweusi peke yake, ule wa mwisho unaoamua mchezo, na Juma alikuwa na mmoja wa njano uliokaa kwenye mdomo wa shimo. Mweusi ulikuwa mbali, kutoka pembe hadi pembe. Lilikuwa pigo la Bwiza hasa. Ukiliingiza, watu wanabeba meza na mchezaji. Ukilikosa, Juma anaingiza wa njano, anaingiza mweusi, na mimi narudi mtaani bila kazi.

Patrone alikuwa amesimama mlangoni. Wengine walikuwa wameshatoka na kuziendea minibasi, yeye akiwa amesita, mkono mmoja ukishika kitambaa begani. Tulitazamana. Nilijua anangoja nini, na mkono wangu ulijua namna ya kumpa.

Nikainama, nikautuma mweupe ukaugusa mweusi kwa upole, mweusi ukaenda ukagota ukingoni, na mweupe ukajibanza nyuma yake. Juma hakuwa na njia. Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu.

Juma akapiga, akakosa. Kwa pigo la kwanza nikausogeza mweusi karibu na shimo, na kwa la pili nikauingiza bila sauti. Juma alinipa mkono. Shefu alipiga makofi mara chache, akatoa funguo mfukoni. Palikuwa na watu wanne ukumbini, pamoja na mpika chai.

Kesho yake nilikwenda Bwiza. Patrone alikuwa kwenye kigoda chake.

"Ulishinda?"

"Ego, Patrone," nikakubali.

"Nilijua. Nilipoona umeficha nyuma ya ile nyeusi, nikajua utashinda, na nikajua hautarudi kwangu. Njo maana nilitoka. Ningebakia kuona nini?"

Akaniwekea soda mezani. Nikainywa nikiwa nimesimama, kama mteja.

Nilikaa na funguo zile mpaka mvi zikaniota. Nilisafiri Kigoma kwa meli za mizigo, nikilala juu ya magunia, na nikarudi na ushindi mara nyingi kuliko nilivyorudi bila. Baada ya Shefu akaja Shefu mwingine, kijana aliyependa mikutano, akanifanya kapteni wa timu. Baadaye nikapelekwa Kamenge kufundisha katika ukumbi mdogo wa wanafunzi karibu na hospitali ya chuo kikuu. Walikuwa na vidole vizuri, wanafunzi wale, na mabishano yasiyokwisha. Somo la kuficha nililifundisha wiki ya kwanza, na hakuna aliyenikatalia. Walishangaa tu kwamba kulikuwa na watu waliolionea haya.

Sasa mtoto wa jicho ameingia kwenye jicho langu la kulia, na mpira mweupe naona miwili. Nimestaafu. Vijana wanakuja nyumbani kuniuliza jinsi ya kutoka kwenye uchezaji wa baa hadi wa mashindano, nami nawaeleza habari ya chupa, kiwiko na mpira unaofuata. Wanaridhika wanakwenda. Nikibaki peke yangu ninazikumbuka Jumamosi za Bwiza, viti vikilia chini ya miguu ya watu, na ninazililia, sioni sababu ya kuficha.

Mama Odette alifariki kabla sijastaafu. Tulisalimiana miaka yote, lakini hakuwahi kuja tena kuniona nikicheza, na mimi sikuwahi kumwalika. Angelikuja, ningemwambia kwamba aliposimama pale mlangoni nilimtazama yeye kwanza, kwa muda mrefu, ndipo nikautazama mpira.